Afya mazingira au haijini ya viwandani: namna ya kulinganisha kazi hizi mbili

Anayetaka kuchagua kati ya fani hizi asianze na majina ya kozi, kwa kuwa yanafanana mno. Aanze na vumbi la mtambo wa kusaga kokoto, kisha aulize linamhusu nani.

Ndani ya uzio linamhusu mtaalamu wa haijini ya viwandani, yaani fani ya kupima na kudhibiti vitu vinavyodhuru afya ya wafanyakazi kazini. Humfunga mfanyakazi pampu ndogo mkandani na kubana kichujio kwenye ukosi, karibu na pua, ili kipitiwe na hewa ile ile anayoivuta. Pampu ya lita 2 kwa dakika hupitisha lita 960 katika zamu ya saa 8, na uzito ulioongezeka kwenye kichujio, ukigawanywa kwa ujazo huo, hutoa kiwango cha kulinganishwa na kikomo. Kwa silika, vumbi linaloacha makovu ya kudumu mapafuni, Marekani iliweka kikomo cha mikrogramu 50 kwa mita ya ujazo mwaka 2016. Ndipo hushauri mawe yaloweshwe na mtambo ufunikwe, barakoa ikiwa kinga ya mwisho, ingawa waajiri wengi hupenda kuanzia hapo kwa sababu ni rahisi.

Nje ya uzio linamhusu afisa afya, yaani mtaalamu wa afya mazingira, ambaye nchini Tanzania hutumia Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 2009. Kwake vumbi ni shauri moja tu kati ya visima, vyoo, machinjio na vibanda vya mama lishe, na siku yake hupita zaidi katika kukagua, kuelimisha na kuamuru kuliko kupima.

Omba kushinda siku nzima na kila mmoja wao, uangalie mkoba wake una nini na ripoti yake inasomwa na nani: meneja wa mgodi na wakaguzi wa OSHA (wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi), au halmashauri na wananchi. Usipochoshwa na hesabu, fizikia na kemia, haijini itakufaa.

Ukiwa bado unasitasita, ningekushauri uanze na shahada ya afya mazingira, kama ile ya Chuo Kikuu cha Muhimbili, kisha uingie haijini kwa shahada ya uzamili; anayetoka haijini kwenda afya mazingira atakuta kwamba uafisa afya hudai usajili wa baraza la taaluma hiyo.