Stika ya maegesho ya mwaka mzima ndiyo inayoleta foleni

Kama uko kwenye kamati ya usafiri chuoni, anzia hapa: futeni ada ya maegesho ya mwaka, watu walipe kwa siku. Aliyekwisha kulipia mwaka mzima ataleta gari hata kwa kikao cha nusu saa, si hela ishatoka? Anayelipa kila asubuhi hujiuliza kwanza. Chuo cha MIT, Marekani, kilibadili hivyo mwaka 2016, kikawapa wafanyakazi wake mabasi na treni za mjini bure. Hapo kwenye basi ndipo penye kazi. Bila basi la uhakika mtakuwa mnawatoza watu tu. Halafu vipindi vyote visianze saa mbili kamili. Vingine sogezeni hadi mbili na nusu, geti lipumue.