Pipa la kupigia mchanga kutoka kwenye vyuma chakavu

Kava ya injini ya pikipiki ya Boxer iliyokula tope la Busia miaka sita haisafishwi kwa brashi ya waya. Utasugua mchana kutwa, vidole vitachunika, na zile kona katikati ya mapezi ya silinda zitabaki nyeusi vilevile. Hewa iliyobeba punje kali inafika huko kwa dakika kumi. Kazi hiyo mafundi tunaiita kupiga mchanga, ingawa mchanga wenyewe ndio kitu cha kwanza utakachoacha, na sababu nitakueleza.

Natengeneza pikipiki upande wa Uganda, karibu na mpaka wa Kenya. Zamani vipande vya wateja nilivifunga kwenye gunia, nikapanda navyo matatu hadi Kampala kwa mwenye mashine. Nauli ilikuwa inakula faida yote. Nikaamua kujitengenezea, na karibu kila kitu nilikiokota kwa wauza skrepa, hapa na kule Kisenyi, Kampala.

Anza na pipa la chuma la lita 200. Tafuta lile lenye mfuniko unaotoka mzima, unaobanwa na bangili ya chuma yenye mshikio. Ukililaza, mfuniko huo unakuwa mlango, tayari una mpira wake na tayari unabana. Wengine wanatumia kabati la ofisi au friji la kulala. Friji nilijaribu kulikata, ile sponji ya manjano iliyo ndani ya kuta ikashika moto kwa cheche za grinda na moshi wake ukatutoa kibandani. Sirudii.

Ila pipa nalo lina hatari yake. La kwanza nililoleta lilikuwa limebeba petroli. Nilikuwa nimeshachomeka grinda. Mzee mmoja Mnubi, fundi mstaafu kutoka Bombo ambaye hupita kwangu jioni kunywa chai, akaweka kikombe chini.

“Mwanangu, hilo pipa lina nini?”

“Tupu, mjomba. Limekauka kabisa.”

“Basi ndilo linaloua. Lililojaa halina nafasi ya mvuke.”

Alisema kweli. Mafuta kidogo yaliyobaki kwenye mshono yanatosha kujaza pipa mvuke, na cheche moja inalirusha juu ya paa. Nililirudisha, nikachukua la mafuta ya kupikia. Hata hilo nililiosha kwa maji ya moto na sabuni mara mbili, nikalijaza maji karibu na pale ninapokata, ndipo nikawasha grinda.

Lilaze pipa kwenye miguu ya vyuma vya pembe. Urefu pima kwa mwili wako: simama wima, kunja mikono, tundu za mikono ziwe sawa na viwiko. Kwangu ni sentimita 105 kutoka chini. Ukiweka chini zaidi, mgongo utakulipisha.

Upande wa chini kata ufa wa sentimita 60 kwa 20, kisha chomelea faneli ya bati nene. Mimi nilitumia ubavu wa mashine ya kufulia. Bati la paa ni jembamba mno, linapinda ukilichomelea. Kuta za faneli ziwe na mteremko mkali, nyuzi 60 kama nafasi ipo, na zisipungue 45. Ukizilaza, punje zinakaa juu ya bati kama ugali uliopoa na bunduki ya kurushia punje inapuliza hewa tupu. Juu ya ufa laza rafu za waya za friji ili kipande unachosafisha kisizame.

Dirisha lilinipa aibu. Nilinunua kioo cha mlango wa Corolla, nikakikwaruza kwa kalamu ya kukatia vioo, nikagonga taratibu kama fundi vioo. Kikapasuka chote mikononi mwangu, punjepunje kama mahindi yaliyopukuchuliwa. Kioo cha mlango kimepashwa moto na kupozwa ghafla kiwandani, na baada ya hapo hakikatiki tena. Unachotaka ni kioo cha mbele cha gari, kile chenye tabaka mbili na plastiki katikati. Chagua sehemu iliyonyooka, kwaruza upande mmoja na uvunje mstari, geuza ufanye vivyo hivyo upande wa pili, halafu pitisha wembe kwenye plastiki. Kilaze kwenye fremu ya flatibaa (chuma bapa) uliyochomelea juu mbele ya pipa, na gundi ya silikoni pande zote.

Kwa ndani bandika plastiki angavu ya kufunikia vitabu vya shule. Punje zinazoruka zinatia ukungu kwenye kioo ndani ya siku moja, lakini plastiki unaibandua na kuweka nyingine.

Mikono: kata vipete viwili vya bomba la plastiki la inchi sita, vifunge kwa boliti mbele ya pipa, katikati ya kimoja hadi kingine sentimita 38. Vuta kipande cha tyubu ya lori juu ya kila kipete, kaza kwa klipu ya hosi, na mwisho wake unganisha glavu ndefu za mpira, zile za kupulizia dawa shambani. Taa ni ya LED ya volti 12, nje juu ya kioo. Hapo hakuna la kueleza.

Sasa hewa, na hapa ndipo wengi wanapotupa pesa. Bunduki ya aina hii hainyonyi kwa mota. Hewa inapita kwa kasi kwenye tundu dogo, inaacha nafasi yenye shinikizo hafifu nyuma yake, na punje zinavutwa kutoka chini ya faneli kwa mpira mwingine. Unaweza kununua bunduki yenye pua ya seramiki. Yangu ya kwanza niliitengeneza kwa tii (kiungo cha bomba chenye umbo la T) ya shaba nyeupe ya nusu inchi: nyuma boliti iliyotobolewa kupitisha hewa, tumboni mpira wa punje, mbele pua. Ncha ya boliti ivuke kidogo mlango wa punje, isiishie kabla yake, la sivyo hewa inarudi kwenye faneli. Pua ya chuma cha kawaida inaliwa haraka sana. Ya milimita 5 niliikuta ina tundu la 8 wiki haijaisha. Sasa bunduki ni yangu, pua ni ya kununua.

Tundu la hewa nililitoboa milimita 3 kwa sababu ndiyo biti niliyokuwa nayo. Kwa shinikizo la bar 6, tundu hilo linameza kama lita 500 za hewa kwa dakika. Kompresa yangu ya kujazia matairi, nguvu farasi mbili, inatoa chini ya 200. Tangi la lita 100 lilikuwa linaisha kwa dakika moja na kidogo, halafu nakaa kungoja kama abiria wa stendi. Nikaweka boliti nyingine yenye tundu la milimita 2, na pua ya 5. Hapo matumizi yanashuka hadi kama lita 220, maana hewa inapungua haraka kuliko upana wa tundu: ukipunguza upana nusu, hewa inapungua mara nne. Kazi inakwenda polepole kuliko ya Kampala, lakini inakwenda. Kanuni ya kushika ni kwamba pua iwe pana mara mbili, au zaidi kidogo, ya tundu la hewa.

Bomba linalochota punje chini ya faneli litoboe tundu la milimita 6 upande ulio nje ya punje. Kijana wangu wa kazi alidhani nimekosea, akaliziba kwa selotepu. Bunduki ikaanza kukohoa, inatema fungu, inanyamaza, inatema tena. Punje zinahitaji kuvutwa pamoja na hewa. Ukizinyima hewa, zinajibana kwenye mpira.

Maji nayo. Hewa yetu hapa ina unyevu, na hewa inayotoka kwenye kompresa ikiwa ya moto ikipoa njiani, unyevu huo unageuka matone ndani ya mpira, punje zinashikana kama sukari ya kwenye kibanda chenye paa linalovuja. Nilipitisha hewa kwenye bomba la chuma la mita sita ukutani, linapanda halafu linashuka, na pale chini kuna koki ya kumwagia maji kila asubuhi. Usitumie bomba la plastiki la maji kwa hewa ya kompresa, hata kama lina namba kubwa ubavuni. Likipasuka halichaniki, linaruka vipande.

Sasa mchanga. Watu watakuambia uchukue wa Lwera, kule kinamasini wanakochimba mchanga, au wa mtoni, ukaushe, upige. Mchanga huo ni kwatsi, yaani silika. Ukigonga chuma unavunjika kuwa vumbi jembamba usiloliona, linaingia chini kabisa ya mapafu na halitoki. Ugonjwa wake ni silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya. Uingereza ilikataza kupiga kwa mchanga wa silika mwaka 1950. Uturuki ilikataza mwaka 2009, baada ya vijana waliokuwa wakichubua jinzi kwa mchanga kuugua na kufa. Pipa likivuja kidogo tu, wewe na anayekuletea chai mnavuta vumbi hilohilo.

Kwa kutu na rangi mimi natumia chupa zilizosagwa. Zivunje ndani ya ndoo yenye mfuniko, zitwange, zipitishe kwenye chekecheke ya unga. Kisha zioshe kwenye beseni na umwage maji yanayotoka meupe mara tatu au nne, maana weupe huo ndio vumbi usilolitaka. Anika juani juu ya bati. Ukiwa na pesa, nunua punje za oksidi ya alumini, zinakaa muda mrefu zaidi. Kwa kabureta, ambayo ni laini, nasaga magunzi ya mahindi makavu. Mwenye mashine ya posho alinicheka, kisha akaniomba yaliyobaki ampe kuku. Magunzi hayatoi kutu, yanatoa mafuta na uchafu bila kukwaruza, lakini vumbi lake linawaka, kwa hiyo cheche mbali.

Usiingize viatu vya breki vya zamani, vingine vina asbesto. Rangi ya zamani yenye madini ya risasi pia hapana. Na ukitoka kwenye alumini kwenda kwenye chuma chenye kutu, fagia pipa kwanza. Vumbi la viwili hivyo likichanganyika si kitu cha kukaa karibu na cheche.

Kunyonya vumbi nilitumia feni ya hita ya gari, volti 12, na nyumba ya chujio la hewa la lori yenye chujio jipya ndani. Feni inavuta kutoka juu upande wa kushoto, hewa safi inaingia kwenye tundu la upande wa kulia lililokingwa na kibati ili punje zisitoke. Kutoka hapo bomba linakwenda nyuma ya kibanda. Mwanzo lilielekea barabarani, hadi dada anayeuza rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) akaja na sufuria yake mkononi kunionyesha mayai. Kipumulio chenye vichujio vya vumbi nakivaa hata hivyo, hasa ninapofungua mlango. Nangoja dakika mbili feni ikiendelea ndipo nafungua. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu.

Kiangazi cha Januari utaanza kurushwa na umeme kwenye vidole. Punje zikisuguana na mpira zinazalisha chaji. Funga waya kutoka kwenye pipa hadi kwenye nondo iliyopigiliwa ardhini, na waya mwingine wenye kibanio uushikishe kwenye kipande unachosafisha.

Kabla ya kumpokea mteja wa kwanza, ngoja usiku. Zima taa zote za kibanda, washa feni na bunduki, mwambie kijana amulike tochi kwa nje, kwenye mishono, kwenye klipu za mikono, kuzunguka mfuniko. Mimi nilikuta mwale wa tochi umejaa chembe zinazong’aa pembeni mwa mkono wa kushoto. Nikazima, nikafungua bomba la silikoni, kesho yake usiku tukamulika tena.