Somo: “Go”, “come” na ile “nakuja” ya kuondokea

Kosa linalowasumbua waongoza watalii wengi wa Arusha na Moshi halitokani na msamiati mgumu. Liko kwenye “go” na “come”, vitenzi vya wiki ya kwanza darasani, kwa hiyo tunaanza na hivyo.

Hatua ya 1: Jiulize mwendo unaelekea kwa nani.

“Come” ni kuelekea alipo msemaji au alipo msikilizaji. Kuelekea kwingine ni “go”. Chukua njia ya Machame ya kupanda Kilimanjaro: kuna siku mnapanda hadi Lava Tower, kwenye mita 4,600 hivi, halafu mnateremka kulala Barranco. Ukiwapa wageni ratiba mkiwa bado getini, sema “we go up to Lava Tower, then we go down to Barranco”. Mpishi aliyetangulia Barranco, akiwaona mnateremka, atasema “they are coming down”. Mteremko ni uleule, ila yeye yuko chini anawangoja.

Kiswahili chetu kinatutega hapa mara mbili. Kwanza, tukimwacha mtu mezani tunamwambia “nakuja”, naye anajua tutarudi. Mwambie mgeni “I'm coming” huku umempa mgongo, atashangaa: unakuja wapi na wewe ndiye unayeondoka? Sema “I'll be right back”. Hiyo “I'm coming” iweke kwa ajili ya simu, yeye yuko hotelini Njiro anakusubiri na wewe uko njiani kumfuata.

Pili, mwaliko. Sisi tunasema “twende wote”, lakini anayemwalika mtu kwenye safari yake kwa Kiingereza hutumia “come”, hata kama wote wawili wanaondoka walipo: “Come with us to Ngorongoro.” Ukisema “go with us” utaeleweka, ila sikio la mwenye lugha litakwaruzwa.

Hatua ya 2: Maumbo.

Go, goes, went, gone, going. “Went” haifanani na wenzake kwa sababu iliazimwa: ilikuwa wakati uliopita wa kitenzi kingine, “wend”. Usiitafutie kanuni, ikariri tu. “Did” ikishaingia, imeshaubeba wakati uliopita, kwa hiyo kitenzi kinabaki “go”: “I didn't go”, kamwe si “I didn't went”.

Hatua ya 3: “To”.

“Go to Moshi”, “go to the market”. Lakini “go home”, “go there”, “go upstairs” hazina “to”. Fikiria “nyumbani”: ile -ni imeshabeba mahali, ndiyo maana husemi “naenda kwenye nyumbani”. “Home” hapa ni hivyohivyo. “Go shopping” na “go swimming” nazo haziitaki.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Himo): “He has gone to Marangu” na “he has been to Marangu”, zote si “ameenda Marangu”?

Jibu: “Gone” hajarudi, “been” alienda akarudi. Mteja akimuulizia bosi mapokezini nawe ukajibu “he has been to the bank”, atakaa asubiri kuitwa, maana ameelewa kuwa bosi yuko ndani. Na “umewahi kufika Zanzibar?” usiitafsiri kwa “reach”. Uliza “Have you been to Zanzibar?”

Swali (Sakina): “The alarm went off” ni kengele imezimika?

Jibu: Hapana, imelia. Taa ndizo huzimika: “the lights went off”. Maziwa yakifanya hivyo, “the milk has gone off”, yameharibika. Angalia kwanza kinachotajwa ni nini. Usiku wa kupanda kileleni, mgeni akikwambia “my alarm didn't go off”, anamaanisha haikulia na amechelewa kuamka.

Swali (Majengo): “I'm going to go” si kurudia neno?

Jibu: Ni sahihi. “Going to” ya mwanzo inafanya kazi ya -ta- yetu, “go” ya mwisho ndiyo mwendo wenyewe. Mazungumzoni wengi hufupisha, “I'm going to Moshi tomorrow”. Lakini “I'm going to cook” haina mwendo wowote, mtu anaweza kuisema akiwa ameshakaa jikoni anamenya ndizi.