Jinsi ya kuziona krokasi za Tatra bila kuzikanyaga

Mara ya kwanza nilipokwenda kuona krokasi, maua ya zambarau ya milima ya Tatra kusini mwa Poland, nilirudi nimenuna. Nilipanda basi la alfajiri kutoka Kraków hadi Zakopane, karibu kilomita 100, nikaunganisha na basi dogo mpaka Siwa Polana, kisha nikatembea karibu saa mbili kupanda Bonde la Chochołowska. Kufika, wingu limetanda na maua yote yamefumba, yamesimama wima kama penseli za zambarau. Krokasi ya mwituni hufuata joto: jua likiwaka hufunguka, likijificha hujifunga. Basi angalia hali ya hewa kabla hujakata tiketi.

Msimu ni mwisho wa Machi na Aprili, theluji inapoyeyuka. Wikiendi usijaribu, utaona migongo ya watu tu.

Jambo kubwa ni viatu, wala si kamera. Theluji ikiyeyuka, njia huwa tope tupu, na anayekwepa tope hukanyaga maua ya pembeni. Vaa buti zisizopitisha maji, upite humo humo kwenye tope. Majani yale membamba, yenye mstari mweupe katikati, ndiyo yanayolisha tunguu (shina nene la chini ya udongo) la mwaka ujao. Ukiyaponda leo, hasara utaiona mwakani.

Ukipata ua lililo ukingoni kabisa mwa njia, piga magoti. Hesabu stameni, vijiti vyenye chavua ndani ya ua: ni tatu. (Zimowit, ua lenye sumu linalofanana nalo, lina sita, na huchanua vuli, majani ya miti yanapopukutika.) Kile unachodhani ni kikonyo ni mrija wa ua lenyewe, ovari, sehemu inayotengeneza mbegu, imebaki chini ya udongo, salama dhidi ya baridi. Tunda hujitokeza juu baadaye, na mbegu husombwa na sisimizi.

Usidhani uwanda huu ulijitengeneza wenyewe. Wachungaji walikata miti na kulisha kondoo hapa kwa karne nyingi. Bila kondoo, nyasi ndefu na misonobari hufunika kila kitu. Ndiyo maana Hifadhi ya Taifa ya Tatra, iliyoanzishwa 1954, bado inaruhusu malisho sehemu fulani. Utakapoona vibanda vya mbao vya wachungaji, umefika penye maua mengi zaidi.

Safari yangu ya mwisho jua liliwaka dakika arobaini hivi. Nilipata picha nne, na tope hadi kwenye vifundo vya miguu.