Kabla ya kubadilisha katriji ya gramafoni, angalia nyuma ya amplifaya

Mnaofufua santuri za dansi za wazee hapa Dar, sikilizeni hili kabla hamjatoa pesa. Tundu za PHONO, zile za kuchomekea gramafoni, kwenye amplifaya nyingi za zamani zimetengenezwa kwa katriji (kile kichwa kidogo kinachoshika sindano) ya sumaku (MM), ambayo hutoa takriban milivolti 3 hadi 6. Ya koili (MC) ya kawaida hutoa 0.2 hadi 0.5 tu, kwa hiyo utahitaji kifaa kingine cha kuikuza, na bei yake si ya mchezo. Sauti ya koili ni tamu, sikatai. Ila sindano yake ikilika, nyingi huwezi kuibadilisha mwenyewe nyumbani. Ya sumaku unaichomoa kwa vidole, unachomeka nyingine, muziki unaendelea.

Mimi ningeweka pesa kwenye umbo la sindano. Audio-Technica VM95, kwa mfano, mwili mmoja hupokea sindano za aina kadhaa: unaanza na ya duaradufu, ile E, mfuko ukiruhusu unapanda hadi ML, inayosoma vizuri zaidi nyimbo za mwisho karibu na lebo, pale sauti inapopenda kukwaruza.

Na tafadhali, santuri za mizunguko 78 msizipige kwa sindano ya LP, yaani santuri za mizunguko 33! Mifereji yake ni mipana. Zinataka sindano nene, na kwenye VM95 ipo, SP. Ukishafunga ile ya E, pima mgandamizo wa sindano juu ya santuri kwa kimizani: gramu 2.