Unahama nchi na una mbwa au paka Dar? Anza na kalenda, tiketi baadaye

Watu wengi hapa Dar wakipata kazi nje au viza ya familia wanaanza na mambo yao, wanauza friji na makochi, wanaaga ofisini, wanalipia tiketi, afu wiki mbili kabla ya safari ndo mtu anauliza "sasa na Simba tunamfanyaje?" Simba ni mbwa. Kama mnaenda Ulaya, Simba kwa wiki mbili haendi popote, na wala sio roho mbaya ya mtu wa ofisini, kuna siku ambazo lazima zipite mwilini mwa mnyama na hizo hazina njia ya mkato hata uwe unamjua nani. Kwa hiyo chukua kalenda, weka tarehe unayotaka kufika, uhesabu kurudi nyuma.

Chanzo cha yote ni kichaa cha mbwa. Huku kwetu bado kipo, nchi nyingi za wenzetu wameshakimaliza au wamekibana sana, kwa hiyo mnyama anayetoka Tanzania hawamwamini kwa kadi ya chanjo peke yake. Umoja wa Ulaya wana orodha ya nchi wanazoziona salama na sisi hatumo, Uingereza hivyo hivyo, na Marekani wametuweka kwenye kundi la nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa. Ukishaelewa hapo, masharti mengine yote utaona yanatoka wapi.

Cha kwanza kabisa ni chipu. Kabla ya chanjo, sio baada. Ni kidude kidogo kama punje ya mchele kinadungwa chini ya ngozi kati ya mabega, kinatakiwa kiwe cha viwango vya ISO 11784 na 11785, chenye namba za tarakimu 15. Sio kila kliniki ya wanyama Dar inakuwa nacho muda wote, piga simu kwanza usije ukatoka Mbezi na foleni yote ile ukaambiwa zimeisha. Na ukifika usione haya kumsumbua dokta: mwambie apitishe skana kwenye chipu ikiwa bado kwenye sindano, aidunge, apitishe tena shingoni kwa mbwa, afu wewe mwenyewe soma namba kwenye kioo cha skana na uilinganishe na ile anayoandika kwenye kadi, tarakimu moja moja. Namba 15 ni rahisi sana kuzipindua, 3 ikawa 8, na yule afisa wa uwanja wa ndege huko mbele yeye anaangalia namba tu, hana habari kama mbwa anakutambua na anakutingishia mkia.

Kuna dada mmoja namfahamu, mbwa wake alikuwa na chanjo zote safi tangu mdogo, kila mwaka, kadi imejaa stika, ila chipu iliwekwa mwisho kabisa alipopata safari. Zile chanjo zote kwa macho ya Ulaya hazikuhesabika, maana huwezi kuthibitisha aliyechanjwa ndo huyu huyu. Akaanza upya. Inauma, lakini ndo sheria ilivyo, chipu na chanjo vinaweza kufanyika siku moja, ila chipu itangulie.

Chanjo sasa. Mnyama awe na umri wa wiki 12 kwenda juu, na kwenye kadi kuwe na tarehe, jina la chanjo, namba ya bachi (ile stika ya kwenye kichupa ibandikwe, usikubali aitupe), tarehe ya kuisha nguvu, namba ya chipu, sahihi na mhuri wa daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Zile chanjo za kampeni, mfano zinazofanyika kwenye Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani tarehe 28 Septemba, ni nzuri na mpeleke mbwa wako, lakini mara nyingi unapewa kikadi kifupi kisichokuwa na hayo yote, hicho sikushauri ukitegemee kwa safari. Na ukishaanza, usichelewe chanjo ya marudio hata siku moja, kwa sababu ikipitiliza tu inahesabiwa kama chanjo ya kwanza na kipimo cha damu nacho kinakufa.

Hicho kipimo cha damu ndo kinachowaliza watu. Baada ya chanjo unasubiri angalau siku 30, dokta anatoa damu, inapimwa kingamwili za kichaa cha mbwa, na lazima zifike 0.5 IU kwa mililita au zaidi. Lazima ipimwe kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, sio maabara yoyote, na kwa upande wetu wa Afrika ile ya Onderstepoort kule Afrika Kusini ni mojawapo. Kinachosafirishwa ni seramu, yaani damu inazungushwa kwenye mashine yale maji ya juu yanatenganishwa, yanawekwa kwenye kichupa, yanakaa kwenye baridi mpaka yafike. Kwa hiyo muulize dokta mapema ana hiyo mashine? kichupa ataandika namba ya chipu? nani anatuma, kwa kampuni gani ya vifurushi, na maabara wanataka kibali gani cha kupokea sampuli? Usitoe damu Ijumaa jioni ikalala wikiendi nzima kwenye friji la kliniki wakati tunajua umeme wetu.

Afu baada ya kutoa damu kuna miezi 3 ya kusubiri, na hii inahesabiwa kuanzia siku damu ilipotolewa, sio siku majibu yalipokuja. Tufanye mfano: umechanja tarehe 5 Januari, damu mapema kabisa ni tarehe 4 Februari, miezi mitatu inaisha tarehe 4 Mei. Yaani kila kitu kikienda sawa bila kukosea ni miezi minne, na mimi nakwambia jipe sita. Habari njema ni kwamba kipimo kikishafaulu, Ulaya wanakikubali maisha yote ya mnyama mradi chanjo za marudio hazikukatika. Na paka naye ni hivyo hivyo kwa Ulaya, watu wanadhani paka anapita bure kwa kuwa ugonjwa unaitwa kichaa cha mbwa.

Kama mnyama alitokea Ulaya mkaja naye Bongo na kipimo kilifanyika kabla hajatoka huko na kimeandikwa kwenye pasipoti yake, ile miezi 3 haimhusu wakati wa kurudi. Kwa hiyo nyie mnaokuja na kurudi pimeni kabla ya kuja.

Uingereza masharti yanafanana, chipu, chanjo, damu, miezi 3, ila kwa ndege mnyama haingii kwenye kebini wala kama begi lako, anaingia kama kago, hiyo ina bei yake. Mbwa anaongezewa dawa ya minyoo ya tegu, anapewa na daktari kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya kufika, na iandikwe kwenye cheti pamoja na saa. Ireland, Finland, Malta na Norway nao wanataka hiyo dawa.

Marekani walibadilisha mambo tarehe 1 Agosti 2024. Mbwa awe na miezi 6 kwenda juu, awe na chipu, na ujaze fomu ya CDC (idara yao ya kudhibiti magonjwa) mtandaoni, hiyo ni bure. Kwa kuwa tuko kundi la hatari, mbwa aliyechanjwa huku anahitaji pia fomu ya chanjo na chipu iliyosainiwa na daktari wa serikali, kipimo cha damu kutoka maabara wanayoikubali wao (damu itolewe angalau siku 30 baada ya chanjo ya kwanza na angalau siku 28 kabla ya kuingia), na uwe umeshabuku nafasi kwenye kituo kilichosajiliwa na CDC, ambavyo viko kwenye viwanja vichache tu kama JFK wa New York, Atlanta, Miami, Los Angeles na Dulles wa Washington. Tiketi ambayo uwanja wa kwanza kuingilia hauna kituo hicho sahau. Bila kipimo cha damu mbwa anakaa karantini siku 28 kwa gharama yako. Pia wale wa USDA, wizara yao ya kilimo, wanataka cheti kwamba mbwa anayetoka nchi zenye funza wa vidonda amekaguliwa ndani ya siku 5 kabla ya safari. Paka CDC hawamdai chanjo, ila angalia jimbo unaloenda na shirika la ndege.

Japan kusubiri baada ya damu ni siku 180. Australia ndo usiseme, moja kwa moja kutoka Tanzania hawapokei, lazima mnyama apitie nchi wanayoikubali na amalizie na karantini Melbourne, na hawatanii wale, mwaka 2015 mbwa wawili wa mwigizaji Johnny Depp waliingizwa kimya kimya na waziri wao wa kilimo akatangaza hadharani waondoke la sivyo wauawe. Afrika Kusini wanataka kibali cha kuingiza kwanza na kwa mbwa kuna vipimo vyao vya damu vya magonjwa mengine kabisa. Dubai na kwingine kote Falme za Kiarabu, kibali cha wizara yao kabla ya safari, na kuna aina za mbwa hawaruhusiwi. Kenya watu wanaichukulia poa kwa kuwa ni Namanga tu hapo unavuka na gari yako, lakini napo unatakiwa kibali cha Mkurugenzi wa huduma za mifugo wa kwao, chanjo na cheti cha afya. Na hata Zanzibar, ambako sio nje ya nchi, wana idara yao ya mifugo, usipande boti na paka kwenye kikapu ukitegemea karatasi za Bara.

Upande wetu, mwenye mamlaka ni Wizara ya Mifugo na Uvuvi kupitia huduma za veterinari. Maombi ya vibali yanafanyika mtandaoni kwenye mfumo wa MIMIS, unatengeneza akaunti, unaambatanisha, unapewa kontrol namba, unalipa kwa simu au benki. Kitu cha kuelewa: daktari wako wa kliniki anamkagua na kumtibu, lakini cheti cha afya cha kimataifa kinasainiwa na daktari wa serikali, mhuri wa kliniki peke yake hautakuvusha. Cheti cha Ulaya kinatumika siku 10 tu tangu kisainiwe mpaka unafika, kwa hiyo hiki huwezi kukiwahi, kinafanyika wiki ya mwisho na hapo ndo presha inapanda. Angalia kalenda ya sikukuu. Safari ikiwa karibu na Idi, kumbuka mwezi ukiandama siku tofauti na ulivyopanga ofisi imefungwa na dirisha lako la siku 10 linazidi kusinyaa.

Anayeleta mnyama Tanzania, kibali cha kuingiza kitoke kabla mnyama hajapanda ndege, sio akishatua JNIA ndo uanze kupiga simu.

Kizimba. Mashirika ya ndege yanafuata kanuni za IATA, chama chao cha kimataifa, na ukikosea vipimo mnyama anakataliwa pale pale kaunta. Mpime akiwa amesimama: urefu toka pua mpaka mwanzo wa mkia, ongeza nusu ya kimo cha mguu wa mbele toka chini mpaka kiwiko, hapo una urefu wa kizimba. Upana wa mabega zidisha mara mbili. Kimo ni mpaka ncha ya masikio au kichwa, kilicho juu zaidi, pamoja na unene wa tandiko. Mfano mbwa ana sentimita 70 za mwili, 40 za mguu, mabega 20, kichwa 65: kizimba ndani kiwe urefu 90, upana 40, kimo 65 na kitu. Vya plastiki vikubwa vinasumbua kupatikana mjini, watu wanaenda kwa mafundi Keko na wanatengenezewa vizuri tu, ila mwandikie fundi kwamba hivyo ni vipimo vya NDANI, kwa sababu fundi wetu ukimwambia 90 anapima nje, ukitoa unene wa mbao umeshapoteza. Tumia plaiwudi, mbao nzima nchi nyingi zinataka iwe imepitishwa kwenye joto kali kuua wadudu na kupigwa mhuri wa ISPM 15. Matundu ya hewa pande zote nne, na vyombo vya maji uweze kuvijaza kutokea nje bila kufungua mlango. Kilete nyumbani mapema mbwa ale na alale humo, akifika siku ya safari ni chumba chake.

Bulldog, pug na paka wa Persian, wale wa pua bapa, mashirika mengi hayawachukui kwa sababu ya pumzi, uliza kabla hujalipa chochote. Dawa za usingizi usimpe, mnyama aliyelewa hawezi kujimudu kizimbani na wakimgundua hapandi. Chagua ndege ya usiku, joto la Dar la Januari na Februari kwenye lami ya uwanja ni balaa.

Mwenye kasuku wa kijivu au kobe, hii njia yote sio yako. Huyo kasuku yuko Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2017, anza na Idara ya Wanyamapori, na kama huna karatasi za alikotoka hiyo safari haipo.

Vishoka wa "nipe laki tano nakumalizia kila kitu" wapo. Wakala wa kweli yupo na anasaidia hasa kwenye kago, ila muombe akuonyeshe kazi, na kontrol namba ulipe mwenyewe, ikija na jina tofauti na la wizara achana naye. Kadi ya chanjo ya kununua usijaribu, kipimo cha damu kitakuumbua.

Siku yenyewe beba vyeti halisi mkononi, nakala bandika juu ya kizimba kwenye mfuko wa plastiki, na jina la mnyama na namba ya chipu ziandikwe kwa herufi kubwa. Namba ya simu hapo iwe ya mtu atakayempokea huko, sio laini yako ya Bongo ambayo muda huo haina hata rominga.