Kiharusi na mshtuko wa moyo kwa pamoja: mambo ya kuweka sawa kabla ya mlipuko mwingine

Ni nadra mtu kupata mshtuko wa moyo na kiharusi saa hiyohiyo, ila hutokea, na mlipuko wa virusi huongeza hatari. Tuliliona hilo kwenye UVIKO-19: mwili ukipambana na kirusi, kuta za mishipa huvimba na damu huganda kwa urahisi. Bonge moja huziba mshipa wa moyo, jingine la ubongo. Au moyo wenyewe ukishaumia hutengeneza bonge na kulirusha kichwani. Walio hatarini zaidi tunaishi nao: wenye presha, kisukari, wavuta sigara, na yule mzee aliyeacha dawa kwa sababu "najisikia vizuri".

Basi anza na dawa hizo. Mlipuko ukiingia, watu hukimbia kliniki kwa kuogopa foleni na kikohozi cha jirani. Muombe daktari mapema akuandikie za muda mrefu kidogo, usisubiri kidonge cha mwisho.

Kisha zijue dalili, na hapa ndipo penye mtego. Kiharusi unakiona kwa macho: mdomo umepinda upande, mkono mmoja hauinuki, maneno hayaeleweki. Mshtuko wa moyo mara nyingi mgonjwa ndiye anayeusema: kifua kinabana, maumivu yanapanda shingoni au yanashuka mkononi. Sasa aliyepotewa na usemi atakwambiaje kwamba kifua kinabana? Mtazame. Jasho jingi la baridi, kutapika, kuhema, kiganja kisichobanduka kifuani. Ukiona hayo pamoja na mdomo uliopinda, mwambie daktari wa mapokezi dalili zote mbili, za moyo na za kiharusi, na uulize kama atapimwa ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, maana kila mtu atakuwa anatazama mdomo. Kwa wanawake na wenye kisukari kifua kinaweza kisiume kabisa, na shida ikasingiziwa vidonda vya tumbo.

Sasa aspirini, ambayo wengi wameambiwa waiweke ndani. Kwa mshtuko wa moyo peke yake, mtu asiye na mzio nayo hutafuna miligramu 300, na inasaidia kweli. Lakini kiharusi kiko cha aina mbili, cha mshipa kuziba na cha mshipa kupasuka, na hakuna jicho la kuvitofautisha bila CT scan, mashine inayopiga picha ya ndani ya kichwa. Mpe aspirini mwenye damu inayovuja kichwani, umeongeza moto. Kwa hiyo dalili zikichanganyika, aspirini ibaki kwenye pakiti. Usimpe pia dawa ya presha ya kuishusha haraka, wala maji, wala uji, kwa kuwa koo huenda limepooza na vitaishia mapafuni. Na ule ujumbe unaozunguka WhatsApp wa kumchoma mgonjwa sindano kwenye vidole atoke damu, ufute. Nyungu nayo haizibui mshipa. Inakula muda tu.

Muda ndio mali. Dawa ya kuyeyusha bonge la kiharusi hutolewa ndani ya saa 4 na dakika 30 hivi, zikihesabiwa tangu mara ya mwisho mgonjwa alipoonekana mzima, si tangu mlipomkuta. Andika kwa saa ya ukutani: "Saa 11 alfajiri alikwenda chooni, akanisalimia vizuri." Sentensi hiyo ina thamani kuliko maelezo marefu ya shemeji mlangoni. Pembeni yake kuwe na karatasi ya dawa anazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda, upasuaji wa karibuni, na kadi ya bima. Zikae kwenye mfuko mmoja pamoja na barakoa, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la tano anapajua.

Usafiri ni hesabu ya mapema. Aliyeko Makulu au Ng'hong'ona yuko jirani na Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapa Dodoma. Aliyeko Kondoa ana kilomita zaidi ya 150 mbele yake, na wa vijiji vya Mpwapwa wakati wa masika huenda akakuta korongo limejaa. Uliza leo, kabla ya shida, kituo chenu kina gari la wagonjwa na dereva hulala wapi, nani mtaani ana Noah inayowaka usiku, na hospitali gani ya karibu CT scan yake inafanya kazi. Sehemu ya ule mkopo wa UVIKO-19 wa shilingi trilioni 1.3 ambao Tanzania ilipewa na IMF ilinunua mashine hizo kwa hospitali za rufaa za mikoa, lakini ya kwenu iulizie. Bodaboda kwa mtu aliyepooza upande ni kumwangusha njiani.

Akizimia asipumue, mlaze chali pagumu na umkandamize katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana.

Hofu ya kuambukizwa isiwazuie. Mwaka 2020 hospitali za nchi nyingi ziliona wagonjwa wa moyo na kiharusi wakipungua. Hawakuwa wamepona, walikuwa wamebaki nyumbani. Vaeni barakoa, nendeni.

Kubalianeni pia nani ataingia na mgonjwa hospitalini, kwa kuwa wakati wa mlipuko huenda akaruhusiwa mtu mmoja tu. Desturi yetu ni kumtanguliza baba mdogo. Aingie aliyemwona mgonjwa mara ya mwisho akiwa mzima, hata kama ni dada wa kazi, na baba mdogo abaki getini na simu yenye chaji.